Mguu ni upi, moyo ni upi? Maana ya majina ya mwili mbele ya daktari

MTU akigongwa na pikipiki kando ya barabara kuu ya Thika, mahali fulani karibu na Ruiru, habari ya kwanza ambayo mashahidi humpa anayepokea simu upande wa pili ni kwamba “amevunjika mguu”. Kwa Kiswahili maneno hayo ni sahihi kabisa. Kwa mhudumu wa afya hayatoshi, kwa sababu mguu katika lugha hii huanzia nyongani na kuishia kwenye ncha za vidole.

Aliyevunjika mfupa wa kidole cha mguu atachechemea wiki kadhaa, kisha atapona. Aliyevunjika mfupa wa paja aweza kupoteza lita moja ya damu au zaidi ndani ya misuli yake bila tone hata moja kuonekana nje. Wote wawili “wamevunjika mguu”, ila mmoja anaweza kusubiri matatu na mwingine anahitaji ambulensi bila kuchelewa.

Si kwamba lugha imekosa maneno. Kiungo kinachouunganisha mguu na kiwiliwili ni nyonga. Chini yake kuna paja, kisha goti. Sehemu ya mbele iliyo ngumu, ile ambayo mtoto hujigonga kwenye kigoda akalia, ni muundi. Nyama iliyo nyuma yake ni shavu la mguu. Hufuata kifundo cha mguu, kisigino, na unyayo unaokanyaga ardhi. Mtu akisema “amevunjika pajani” badala ya “amevunjika mguu”, ameongeza silabi chache tu, lakini amempa mwokoaji habari ambayo vinginevyo angeipata baada ya kufika.

Mkono nao uko vivyo hivyo. Huanzia begani hadi vidoleni, na ndani yake mna kisugudi, kigasha, kifundo cha mkono na kiganja. Hapa pana ugomvi mmoja wa siku nyingi ambao wasomi wa Kiswahili hawajaumaliza: wapo wanaoliita pindo la katikati ya mkono kiwiko, na wapo wanaolitumia neno hilo hilo kwa kifundo kilicho karibu na kiganja. Anayetaka kueleweka hospitalini ni heri aseme kisugudi na kuonyesha kwa kidole.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika miji kama Thika na Ruiru. Mashamba ya kahawa na ya mananasi, viwanda, na miaka ya hivi karibuni nyumba za kukodisha zilizozagaa tangu barabara kuu ilipokamilika mwaka 2012, vimewavuta watu kutoka kila pembe ya nchi. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 2,417,735 katika Kaunti ya Kiambu. Muuguzi aliyezaliwa Gatundu humhudumia mama aliyetoka Siaya, na kijana wa Matungulu hulazwa kando ya mzee wa Kakamega. Katika wadi hizo Kiswahili ndicho daraja, na kila mmoja hulivuka akiwa amebeba lugha ya mamaye.

Mzigo huo wakati mwingine ni mwepesi. Mkikuyu hahitaji kamusi kujua ini ni nini, maana kwao pia ni ini. Figo ni higo, na mgongo ni mũgongo. Ni maneno ya ukoo mmoja wa Kibantu. Lakini Mkikuyu huita mguu wote kũgũrũ na mkono wote guoko, kwa hivyo anapohamia katika Kiswahili haoni sababu ya kuukata mguu vipande. Mjaluo naye ana neno chuny ambalo hutaja ini na pia hutaja roho, ile nafsi inayohuzunika na kufurahi. Moyo wa nyama unaodunda humwita adundo. Anaposema kwa Kiswahili kwamba moyo wake una uchungu, msikilizaji mwema atauliza swali la pili kabla ya kuandika lolote.

Wakenya wengi waliwahi kuyajua majina haya kwa ufasaha. Waliofanya mtihani wa KCPE, ulioanza mwaka 1985 na kufanywa mara ya mwisho mwaka 2023, watakumbuka msamiati wa viungo vya ndani waliokaririshwa katika somo la Kiswahili: wengu, nso, kongosho, nyongo, chango, koromeo. Yalikaririwa kama methali, bila picha wala maelezo ya kazi ya kila kiungo. Saa iliyofuata mwalimu wa sayansi aliingia na kuvieleza viungo vivyo hivyo kwa Kiingereza. Mwanafunzi akatoka na orodha mbili zisizojuana: moja ya majina bila kazi, nyingine ya kazi bila majina ya nyumbani.

Kwa kweli shule bora ya elimu ya viungo katika miji hii imekuwa bucha. Mkazi wa Makongeni au wa Kimbo ambaye hajawahi kuona mchoro wa mwili wa binadamu anaijua rangi ya ini, ugumu wa moyo, wepesi wa mapafu yanayoelea katika sufuria, na umbo la figo. Anayekula mutura jioni kando ya barabara anajua kwamba kilichoshindiliwa nyama na damu pale ni utumbo wa mbuzi. Aliyevunja mfupa wa supu na kufyonza kilichomo ameuonja uboho, ambao katika mwili wa binadamu ndio kiwanda cha chembe za damu.

Bucha lakini ina upungufu wake. Mbuzi hucheua, na tumbo lake lina vyumba vinne. Binadamu ana kimoja. Tena kinachoitwa “matumbo” kwenye mizani huchanganya vitu ambavyo daktari hana budi kuvitenganisha. Katika maongezi ya kila siku tumbo ni eneo lote kuanzia chini ya mbavu hadi kinena. Ndani ya eneo hilo mna mfuko wa chakula, utumbo mwembamba wenye urefu wa mita sita hivi, utumbo mpana wa mita moja na nusu, ini upande wa kulia chini ya mbavu, wengu upande wa kushoto, kongosho lililojificha nyuma ya mfuko wa chakula, na kibofu cha mkojo chini kabisa. Mwanamke ana mfuko wa uzazi pia. Kusema “tumbo linaniuma” ni sawa na kumwambia mgeni kwamba unaishi Thika, bila kutaja kama ni Landless, Kiandutu au Section 9.

Mfano mzuri ni kidole tumbo, kile kijineli kidogo kilichoning’inia mwanzoni mwa utumbo mpana, upande wa chini kulia. Kikivimba, maumivu mara nyingi huanzia karibu na kitovu, na baada ya saa kadhaa huhamia upande huo wa kulia na kukaa hapo. Kuhama huko ndiko daktari anakotaka kusikia. Mgonjwa anayesema tu kwamba tumbo limemuuma tangu jana, akapewa dawa ya minyoo au ya vidonda na kurudishwa nyumbani, huenda akarudi kidole hicho kikiwa kimepasuka na usaha umesambaa.

Mpaka kati ya tumbo na kifua nao una jina lake, na jina hilo linajieleza. Ni kiwambo, msuli mpana uliotandazwa kama ngozi iliyowambwa juu ya ngoma. Ukishuka, kifua hupanuka na hewa huingia. Ukipanda, hewa hutoka. Juu yake kuna moyo na mapafu, chini yake ini na mfuko wa chakula. Viungo hivyo vimetenganishwa na ukuta mwembamba tu, na maumivu ya upande mmoja huweza kusikika upande wa pili.

Hapo ndipo neno moyo linapoleta hatari kubwa kuliko yote. Waswahili tangu zamani husema “moyo umenichafuka” wakimaanisha kichefuchefu, na “moyo unaniwaka” wakimaanisha kiungulia, yaani tindikali ya mfuko wa chakula inayopanda kwenye umio. Kishimo kilicho chini ya mfupa wa katikati ya kifua, mahali ambapo mbavu hugawanyika, huitwa chembe cha moyo, ingawa chini ya ngozi pale kuna mfuko wa chakula. Ukiongeza kutia moyo, kuvunjika moyo na kupiga moyo konde, unapata kiungo kilichobebeshwa kazi za watu wengi.

Moyo wa madaktari ni msuli wenye ukubwa wa ngumi ya mwenyewe, uliokaa katikati ya kifua na kuelemea kushoto. Una vyumba vinne. Hudunda kati ya mara 60 na 100 kwa dakika mtu anapopumzika, na kila dakika husukuma takriban lita tano za damu. Msuli huo nao una mishipa yake ya kuulisha. Mmojawapo ukiziba, sehemu ya msuli huanza kufa, na hilo ndilo shambulio la moyo.

Maumivu ya shambulio hilo hayaji kila mara kama yanavyoigizwa katika filamu. Wengine huhisi kifua kimebanwa, na maumivu yakapanda kwenye taya au kushuka katika mkono wa kushoto. Wengine, hasa wanawake, wazee na wenye kisukari, huhisi tu uzito pale kwenye chembe cha moyo, uchovu, kichefuchefu na jasho baridi. Watu hao wakisema “ni kiungulia”, wamesema walichohisi kwa uaminifu, na anayewasikiliza akikubali neno hilo bila kuuliza zaidi atawapa dawa ya vidonda vya tumbo. Kuna pia hali ya kinyume, ya mtu anayekimbizwa usiku kutoka Ruiru hadi Nairobi akilia moyo, na kilichomo ni gesi na nyama choma ya jioni. Hiyo ni gharama ndogo kuliko ile ya kwanza.

Kifua ni neno jingine lenye uvivu. “Mtoto ana kifua”, mama husema, naye aweza kumaanisha kikohozi cha mafua, pumu, nimonia au kifua kikuu. Kifua chenyewe ni sanduku la mbavu. Kinachougua kwa kawaida ni mapafu au njia za hewa. Kwa mtoto mdogo neno hilo halifiki mbali, na wahudumu hufunzwa kuhesabu pumzi. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 anayevuta pumzi mara 50 au zaidi kwa dakika, au wa mwaka mmoja hadi mitano anayefikisha mara 40, anashukiwa kuwa na nimonia. Iwapo nyama ya chini ya mbavu inabonyea ndani kila anapovuta hewa, apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo.

Juu ya kifua kuna koo, ambamo njia mbili hukaribiana: umio wa chakula na njia ya hewa ambayo wataalamu huiita trakea. Kinacholinda mlango wa hewa mtu anapomeza ni kibamba kidogo kinachoitwa kidakatonge, jina lililobuniwa na mtu aliyejua kula. Kile kinyama kinachoning’inia nyuma ya kinywa ni kilimi, au kimeo. Hakina kosa lolote katika kikohozi cha mtoto, ijapokuwa katika sehemu kadhaa za Afrika Mashariki wangali wapo wanaokikata kwa imani kwamba ndicho kinachosababisha kikohozi hicho. Watoto hutokwa na damu nyingi au hupata maambukizi kwa sababu ya kiungo kulaumiwa makosa ya kingine.

Tukija kwenye mshipa, hapo Kiswahili cha mitaani kimejaza gunia moja kupita kiasi. Mshipa ni njia ya damu. Mshipa ni neva inayopeleka hisia. Mshipa ni ule ukamba mgumu unaofunga msuli kwenye mfupa, ambao jina lake hasa ni kano. Pwani, mshipa ni uvimbe wa korodani au ngiri. Mzee anayesema “mshipa umenikaza” aweza kuwa na mkakamao wa msuli, neva iliyobanwa mgongoni, au damu iliyoganda katika shavu la mguu, na hali hii ya mwisho huua pande la damu linapokatika na kusafiri hadi kwenye mapafu.

Wataalamu walipoketi kuunda istilahi waliligawanya gunia hilo. Ateri ni mshipa unaotoa damu moyoni. Vena ni ule unaoirudisha. Kapilari ni vijishipa vyembamba mno vinavyounganisha hizo mbili, ambamo oksijeni na chakula hupenya kwenda kwenye chembe za mwili. Neva ikabaki na kazi yake ya kupeleka ujumbe kati ya ubongo na viungo. Istilahi kama hizi zimo katika Kamusi ya Tiba iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2003. Wapo waliolalamika kwamba ateri na vena si Kiswahili bali ni Kigiriki na Kilatini zilizovikwa kanzu. Malalamiko hayo yana ukweli, lakini hata Ulaya maneno hayo yalichukua muda kutulia. Wagiriki wa kale walidhani ateri hubeba hewa, kwa kuwa waliikuta tupu ndani ya maiti, na mzunguko mzima wa damu haukuelezwa sawasawa huko hadi Mwingereza William Harvey alipochapisha kitabu chake mwaka 1628.

Vyuo vya tiba vilivyo Thika, kikiwemo Chuo Kikuu cha Mount Kenya, hufundisha mambo haya yote kwa Kiingereza. Daktari kijana hufuzu akijua majina mia mbili na sita ya mifupa kwa lugha hiyo, kisha mgonjwa wake wa kwanza humwambia kwamba mtulinga wake umevunjika. Asiyejua kwamba mtulinga ni ule mfupa ulio kati ya shingo na bega hana budi kumwomba auonyeshe, na hilo halina aibu.

Mgongo nao una mitego miwili. Uti wa mgongo ni ule mhimili wa pingili za mifupa zilizopangwa moja juu ya nyingine. Ndani ya pingili hizo hupita ugwe mgongo, kamba laini ya neva inayoshuka kutoka ubongoni. Majeruhi wa ajali aliyevunjika pingili bado aweza kupona kabisa iwapo ugwe haujakatika, na ndiyo maana huagizwa asinyanyuliwe kwa kushikwa makwapa na miguu kama gunia la kahawa. Ugonjwa unaoitwa homa ya uti wa mgongo, kwa upande wake, hauhusu pingili. Ni uvimbe wa utando unaoufunika ubongo na ugwe. Mzazi anayesubiri mtoto alalamike mgongo atachelewa. Dalili za kuangalia ni homa kali, shingo kukakamaa, kichwa kuuma sana, kuogopa mwanga, na kwa mtoto mchanga kulegea na kukataa kunyonya.

Mtego wa pili uko kwenye karatasi. Herufi tatu U, T na I huandikwa mara nyingi katika vijitabu vya wagonjwa, na ni kifupisho cha Kiingereza cha maambukizi ya njia ya mkojo. Anayeisoma karatasi hiyo kwa macho ya Kiswahili ataona neno uti. Njia ya mkojo huanzia katika figo mbili, ikashuka kwa mirija miwili hadi kwenye kibofu, na kutoka nje. Haina uhusiano wowote na mhimili wa mgongo.

Figo zenyewe zinasingiziwa mengi. Mtu hushika kiuno na kusema figo zinamuuma, ilhali figo ziko juu zaidi, kando ya uti wa mgongo usawa wa mbavu za mwisho. Maumivu ya kiuno kwa wengi wanaobeba makreti au wanaoinama shambani ni ya misuli na pingili. Figo zinazoharibika polepole kutokana na shinikizo la damu au kisukari kwa kawaida haziumi hata kidogo. Kazi yao ni kuchuja takriban lita 180 za maji ya damu kila siku na kutoa lita moja au mbili tu kuwa mkojo. Zikilegea, dalili huonekana kwingine, katika nyayo na uso unaovimba asubuhi, na mara nyingi huonekana zikiwa zimechelewa. Kwa hiyo anayengoja figo zimuume ndipo akapimwe anangojea jambo ambalo huenda lisitokee kamwe.

Wengu, ambao pia huitwa bandama, haujulikani sana mpaka uumie. Umejificha chini ya mbavu za kushoto, ukichuja damu, na huvimba malaria inapomrudia mtu mara kwa mara. Dereva wa bodaboda aliyeanguka kwa ubavu huo, akainuka, akakung’uta vumbi na kusema yuko sawa, aweza kuwa na wengu uliopasuka na damu inayovuja ndani. Maumivu ya bega la kushoto lisilo na jeraha ni mojawapo ya dalili zake. Kongosho hutengeneza insulini, kemikali inayoiwezesha sukari kutoka katika damu na kuingia katika chembe za mwili. Nyongo hutengenezwa na ini, ikahifadhiwa katika mfuko wake mdogo. Kiswahili huviita nyongo vyote viwili, kimiminika na mfuko, na hilo halijamdhuru mtu.

Katika maneno ya utendaji wa mwili, yaani fiziolojia, kasoro ni ya namna nyingine: jina la kitu cha kawaida limegeuzwa kuwa jina la ugonjwa. “Nina presha.” Kila aliye hai ana presha, ambayo kwa Kiswahili sanifu ni shinikizo la damu, nguvu ambayo damu hutia kwenye kuta za ateri. Hupimwa kwa tarakimu mbili, ya juu wakati moyo unaposukuma na ya chini unapolegea. 120 kwa 80 ni kipimo cha kawaida, na 140 kwa 90 au zaidi katika vipimo vya siku tofauti ni ugonjwa. Vilevile “nina sukari”. Bila sukari katika damu ubongo huzimika. Ugonjwa ni kisukari. Anayesema “sukari imeniisha” baada ya mwezi mmoja wa vidonge, akaviacha, amechezewa na neno. Homa nayo ni ongezeko la joto la mwili, lakini Wakenya wengi huliita mafua homa, na hivyo swali la daktari “una homa?” hujibiwa na mtu anayewaza kamasi.

Lililo zito zaidi hufichwa na adabu. Neno sehemu za siri limefunika uume, korodani, uke, mlango wa kizazi na hata njia ya haja kubwa chini ya shuka moja. Mwanamume mwenye tezi dume iliyovimba, ambayo hukaa chini ya kibofu na kuuzunguka mrija wa mkojo, huja akisema mgongo unamsumbua, kwa kuwa mgongo hautii aibu. Huondoka na dawa ya kuchua. Laiti angetaja kwamba huamka mara nne usiku kwenda haja ndogo na mkojo hutoka kwa kukatikakatika, mazungumzo yangefuata njia nyingine.

Kwa wanawake, neno kizazi linahitaji kufafanuliwa. Mfuko wa uzazi, au mji wa mimba, ndimo mtoto hukaa. Mirija ya uzazi huuunganisha na ovari, vifuko vya mayai. Mlango wa kizazi ni shingo nyembamba ya chini ya mfuko huo, inayoelekea ukeni. Saratani ya mlango wa kizazi huanzia hapo, karibu kila mara kwa sababu ya virusi vya HPV, na huchukua miaka mingi kukomaa. Kwa kuwa mahali penyewe panaweza kufikiwa na kuangaliwa bila upasuaji, dalili za mwanzo huonekana na kutibiwa kabla hazijawa saratani. Mwanamke aliyeambiwa kwamba “atapimwa kizazi” huenda akadhani atafunguliwa tumbo au kuzuiwa kuzaa, akaenda zake. Kenya ilianza kuwachanja wasichana wa miaka kumi dhidi ya virusi hivyo mwezi Oktoba mwaka 2019, na palikuwepo wazazi walioambizana kwamba chanjo inafunga kizazi. Tetesi kama hizo hushamiri pale ambapo mlango na nyumba vimeitwa jina moja.

Sheria iko upande wa anayeuliza. Katiba ya mwaka 2010 imeifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu, kila inapowezekana, ampe mgonjwa maelezo ya hali yake, tiba iliyopo na athari zake kwa lugha ambayo mgonjwa anaielewa. Kabla ya kutia sahihi au kidole gumba kwenye fomu ya upasuaji, kwa hiyo, ni haki ya mtu kuuliza: mnachoondoa ni mfuko mzima wa uzazi, au ni uvimbe uliomo ndani yake? Mnakata wayo, au mnakata juu ya goti? Mwenye kisukari ambaye kidonda chake kimeoza ana haki ya kulijua hilo kabla ya kulazwa mezani, si baada ya kuamka.

Kazi kubwa ya kutafsiri sasa imewaangukia wahudumu wa afya ya jamii, ambao serikali ya kitaifa iliwazindua upya mwezi Septemba mwaka 2023, wapatao laki moja nchini kote, wakiwa na mikoba yenye vipima joto, mashine za kupima shinikizo la damu na vipimo vya sukari. Hawa ndio wanaopanda ngazi za nyumba za kukodisha za Githurai na Kihunguro na kubisha mlango. Mara nyingi wao ndio wa kwanza kusikia “nina kifua”, “nina mshipa”, “moyo hauko sawa”, na kuamua kama neno hilo lingoje hadi kesho.

Kuna njia moja ambayo haihitaji kamusi. Mgonjwa huombwa anyamaze kidogo na aonyeshe kwa kidole kimoja pahali panapouma, kisha aseme maumivu yalianzia wapi, yamehamia wapi, na yanazidi akifanya nini. Anayeweza kupagusa kwa ncha ya kidole, kati ya mbavu mbili, na akapiga kelele anapobonyezwa hapo, mara nyingi ana tatizo la msuli au mfupa. Akishindwa kuchagua mahali, akaweka kiganja kizima au ngumi katikati ya kifua huku jasho jembamba likimtoka, maswali mengine huachwa na gari hutafutwa.